SOMO LA JIKONI: KEKI YA KAROTI BILA OVENI

Wakulima wa Kinangop na sehemu nyingine za baridi wanajua jambo hili: karoti iliyopasuka au yenye miguu miwili, mnunuzi wa magunia haitaki. Inabaki shambani ama inapewa ng'ombe. Katika somo hili tutaona vile kikundi kinaweza kuipikia keki, na jinsi ya kujua kama keki hiyo italeta faida au itakula pesa za kikundi.

Kutia karoti katika keki si jambo geni. Huko Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari iligawanywa kwa kipimo kuanzia Januari 1940, na serikali ikawahimiza watu watumie karoti katika vyakula vitamu. Karoti ina utamu wake, tena karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, kwa hiyo keki haikauki upesi. Rangi yake mwili huigeuza kuwa vitamini A, hasa ikiliwa na mafuta. Lakini tusidanganyane, hii bado ni keki. Mwenye ugonjwa wa sukari asiambiwe ni dawa.

Tayarisheni unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1, mayai 3, mafuta ya maji robo tatu ya kikombe, karoti zilizokunwa vikombe 2, bekingi pauda vijiko vya chai 2 (siyo hamira ya mkate), mdalasini kijiko 1 cha chai, na chumvi kidogo.

Osha karoti, ziparuze, kisha uzikune ziwe laini. Kama hakuna cha kukunia, kibati kipya kilichotobolewa kwa msumari kinatosha. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe kidogo, halafu tia mafuta. Changanya vitu vikavu kando, uvitie polepole, mwisho karoti. Usiongeze maji! Karoti zitatoa yake. Na usikoroge sana, keki itakuwa ngumu.

Sasa jiko. Chukua sufuria kubwa, weka ndani mchanga mkavu unene wa vidole viwili, funika, uipashe moto dakika 10. Paka sufuria ndogo mafuta na unga, mimina mchanganyiko usipite theluthi mbili, uiweke juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa kifuniko bapa, kisha panga makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi hufanya kinyume, na keki inaungua chini huku juu ni uji. Usifunue kabla ya nusu saa, maana baridi ikiingia keki inaanguka. Baada ya dakika 45 hivi choma katikati kwa kisu. Kikitoka kikavu, imeiva. Kikitoka na unga, ngoja kidogo.

Pikieni nje, ama milango na madirisha yawe wazi. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na huua watu ndani ya nyumba iliyofungwa.

Mweka hazina aandike kila kitu: unga, mayai, makaa, hata karoti za shamba lenu wenyewe. Tuseme jumla ni shilingi 400 na keki imetoa vipande 16. Kila kipande kimegharimu shilingi 25. Mkiuza 20 mmepoteza 80, ingawa kisanduku kimejaa noti na kila mtu anafurahi. Vipande vya "kuonja" navyo viandikwe. Hapo ndipo ugomvi wa vikundi vingi huanzia.

Keki hii uzeni ndani ya siku mbili, kwa sababu unyevu huleta ukungu. Kabla ya kupeleka sokoni, ulizeni ofisi ya afya ya kaunti kuhusu cheti cha wanaoshika chakula.

Maswali ya kikundi:
Karoti zetu zinazokataliwa ni debe ngapi kwa msimu?
Nani atashika daftari, na nani atalikagua?