Mwili ukizeeka, mlango wa ibada haufungwi

 

Ndugu Waislamu, mji wetu wa Himo uko pale barabara ya kutoka Dar es Salaam na Tanga inapokutana na ile iendayo Holili na Taveta, na nyingine ikipanda Marangu. Maisha ya hapa ni ya miguu. Mtu anashuka mlimani na ndizi zake, anauza, ananunua mahindi, na jioni anaupanda tena mlima. Ndiyo maana magoti yanapoanza kugoma, mzee anajiona kama aliyevuliwa cheo. Kwanza anaacha soko, kisha anaacha harusi na maulidi, na mwisho anaacha msikiti. Ukimuuliza, atakwambia amechoka tu. Kumbe anaogopa ngazi, hana hakika ya kuinuka akishasujudu, au mkojo unamponyoka na anaona haya kusema.

Hili la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza. Tatizo kubwa si mwili kuzeeka. Tatizo ni aibu inayomfanya mzee ajifiche, akose tiba, na akose pia ruhusa ambazo dini yake imempa.

Uzee si jambo la kuficha

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 54, Allah (s.w.) anatukumbusha kwamba ametuumba katika udhaifu, akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akaleta udhaifu na mvi. Kwa hiyo anayedhoofika hajaharibikiwa. Yumo katika safari ile ile aliyopangiwa. Nabii Zakaria (a.s.), katika Surat Maryam, anamweleza Mola wake wazi wazi kuwa mifupa yake imedhoofika na kichwa kimejaa mvi. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona haya kuyataja hayo, na aliyataja akiwa katika dua.

Tumtazame pia Swahaba Imran bin Huswayn (r.a.). Alikuwa na bawasiri, maradhi ambayo wengi wetu tungekufa nayo kimya kimya. Yeye alimwendea Mtume (s.a.w.) akauliza ataswali vipi. Kama alivyopokea Imam Bukhari, jibu lilikuwa kwamba aswali kwa kusimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Hukumu hiyo ambayo leo inawafaa mamilioni ya wagonjwa na wazee ilitokana na mtu mmoja aliyekubali kuusema ugonjwa wa aibu. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi kilio humuumbua.

Yanayobadilika mwilini

Kuanzia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho hukakamaa na maandishi ya karibu hayasomeki vizuri. Hilo tiba yake ni miwani. Ukungu wa mtoto wa jicho ni jambo jingine, na huo huondolewa kwa upasuaji. Masikio nayo hupoteza kwanza sauti nyembamba, hivyo kumpigia mzee kelele hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kumtazama usoni na kusema taratibu. Misuli hupungua na mifupa huwa myepesi, na kuanguka mara moja usiku njiani kwenda chooni kunaweza kumvunja nyonga.

Hisia ya kiu nayo hupungua. Mzee anakaa kutwa bila maji na hahisi kitu. Wengine huacha maji makusudi ili wasiamke usiku, kumbe wanajiletea kizunguzungu na choo kigumu. Afadhali anywe ya kutosha mchana, apunguze jioni.

Kwa wanaume, tezi dume hukua, mkojo ukatoka kidogo kidogo na mara nyingi usiku. Si kila tezi iliyokua ni saratani, lakini atakayejua ni daktari, si jirani. Kwa akina mama, hedhi hukoma, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, na joto la ghafla na usingizi wa mang'amung'amu huandamana na kipindi hicho. Ila damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, mama asitosheke na kumuuliza sheikh hukumu ya swala. Aende hospitali haraka, maana inaweza kuwa dalili ya saratani.

Ama presha, hiyo haipigi hodi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, upande wa magharibi wa mlima huu huu, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta karibu saba katika kila kumi wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijijua. Kupima ni dakika chache. Hospitali ya Mawenzi na ile ya KCMC, inayotoa huduma tangu mwaka 1971, ziko Moshi, si safari ya kutisha kutoka Himo.

Ruhusa ni sadaka ya Allah

Wapo wazee wanaodhani kuswali juu ya kiti ni upungufu wa imani, basi wanajilazimisha mpaka wanaanguka. Wapo na wengine ambao goti likiuma kidogo wanakaa kwenye kiti swala nzima, hali ya kuwa wanaweza kusimama. Wote wanahitaji kuelekezwa. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame mahali pa kusimama, kisha akae na kuashiria, na sujudi yake aiinamie zaidi kuliko rukuu. Anayepata kizunguzungu akiinuka, akumbuke kile kikao kifupi cha mapumziko kabla ya kusimama kwa rakaa ya pili na ya nne. Katika madhehebu ya Imam Shafii ni sunna, na mwili wa mzee unakihitaji.

Mwenye mkojo usiozuilika hakufukuzwa kwenye swala. Ajisafishe, avae kitambaa au pedi ya kumkinga, atawadhe baada ya wakati wa swala kuingia, aswali bila kuchelewa, na afanye hivyo kwa kila faradhi. Kinachotoka baada ya hapo hakiharibu swala yake. Naye mzee asiyeweza tena kufunga, atoe kibaba cha chakula kwa kila siku. Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.), alipokuwa mzee sana na kushindwa kufunga, alilisha masikini. Bibi Sauda (r.a.), aliyekuwa na mwili mzito, aliomba kuondoka Muzdalifa mapema kabla ya msongamano, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu. Je, sisi ni wachamungu kuliko hao?

Msikiti na familia

Hata hivyo, tusimwachie mzee mzigo wote. Muadh bin Jabal (r.a.) alipoirefusha mno swala ya Isha, Mtume (s.a.w.) alimkemea na kumkumbusha kwamba nyuma yake wako wazee, wanyonge na wenye haja zao. Maimamu wetu walipime hilo. Na kamati za misikiti, ambazo hazichoki kuchangisha kwa ajili ya marumaru na mnara, zijiulize: kuna chuma cha kushikia kwenye ngazi? Kuna kiti pale pa kutawadhia? Kuna choo kimoja cha kukalia kwa asiyeweza kuchuchumaa? Sakafu ikilowa inateleza? Vitu hivi havilingani na gharama ya mnara, lakini ndivyo vinavyoamua kama mzee atakuja Alfajiri au atabaki nyumbani.

Watoto nao wasisubiri kuombwa. Baba hatakwambia kuhusu mkojo, na mama hatakwambia kuhusu kifua. Uliza kwa adabu, faraghani. Mpeleke akapimwe, weka taa njia ya chooni, na Ijumaa mshike mkono mwende pamoja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo, wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tunawatengenezea wazee wa leo njia ambayo kesho tutaipita sisi wenyewe.