Kipimo Kikisema Hakuna Malaria, Tazama Koo

Hapa Nyankunde mtoto akichemka mwili usiku, neno la kwanza la mama ni malaria. Ana haki, maana malaria haituachi mwaka mzima. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, na mtoto anakataa hata chai kwa kuwa kumeza kunamuuma, mwombe muuguzi atazame koo.

Hata nyumbani unaweza kutazama. Mkalishe mlangoni, uso uelekee mwanga, afungue kinywa na kusema "aaa". Koo lililoshikwa na bakteria waitwao streptokoki huwa jekundu sana, mafindofindo yamevimba, mara nyingi yana madoa meupe ya usaha. Papasa shingo chini ya taya: utakuta tezi zimevimba na zinauma. Homa huanza ghafla, na wengine hulalamikia kichwa au tumbo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Sasa sikiliza kifua. Mtoto anayekohoa, makamasi yanamtoka na sauti imekauka, mara nyingi ana virusi, na antibiotiki haitamfaa kitu. Asiyekohoa ndiye wa kushukiwa. Nasisitiza hili kwa sababu inaniuma kuona amoksisilini ikinunuliwa vidonge vitatu vitatu kwa kila koo linalowasha.

Jicho hudanganya, hata la daktari. Uthibitisho ni kupangusa koo kwa kijiti chenye pamba: kipimo cha haraka hujibu kwa dakika chache, kuotesha maabara huchukua siku moja au mbili. Pasipo vipimo hivyo, muuguzi atazipima dalili zote pamoja na umri.

Akiona ni streptokoki, atatoa penisilini au amoksisilini ya siku 10, au sindano moja ya benzathini penisilini. Siku ya tatu mtoto atakuwa anakimbiza mpira. Wewe endelea kumpa vidonge hadi siku ya 10. Koo lingeweza kupona lenyewe. Tunachokinga ni moyo, kwani wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili yenyewe inaweza kushambulia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, bado inaizuia. Na moyo ukishaguswa, penisilini bado ni ngao: huko Gulu, Uganda, watoto 818 ambao vali za moyo zilikuwa zimeanza kuathirika walifuatiliwa miaka 2. Kati ya waliodungwa kila wiki 4, hata mmoja katika 100 hakufika waliozidiwa. Kwa wasiodungwa walikuwa 8.

Kukata kilimi hakutibu koo hili. Kunaweza kuleta kutokwa damu na pepopunda.

Mtoto akidondosha mate asiweze kuyameza, akipumua kwa sauti, shingo ikivimba sana au ukiona utando wa kijivu kooni, usiendelee kuchungulia. Tafuta pikipiki umpeleke hospitalini, hata kama ni usiku wa manane.