SOMO LA UFUNDI: Kisanduku cha Stima cha Mashine ya Kuchonga

Leo tunataka tujifunze pamoja juu ya kitu kidogo. Ni kisanduku kinachogeuza stima ya ukutani iwe stima ya DC ya kuendesha mota. Kikitengenezwa vizuri, kinalisha mashine na mashine inalisha watu. Kikitengenezwa vibaya, kinachoma pesa za kikundi, na kinaweza hata kuua mtu. Sisi tulichoma pesa kwanza ndipo tukajifunza. Hatutaki ninyi mpitie njia hiyo.

Mashine yenyewe ni ipi?

Sisi ni maseremala. Huku upande wa Ngong Road useremala ni kazi ya wengi, na mteja siku hizi anataka maua na majina yachongwe kwenye kitanda au mlango. Tulinunua mashine kuukuu ya kuchonga, ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono. Tukaifunga mota tatu: moja ya kwenda kushoto na kulia, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini. Kompyuta ndiyo inaziamrisha mota. Mashine za namna hii huitwa CNC.

Si jambo jipya duniani. Mwaka 1952 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na tarakimu. Na sisi Kenya hatukubaki nyuma kabisa. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kijaribu kutengeneza gari letu wenyewe, Nyayo Pioneer. Magari machache ya mfano yalionyeshwa mwaka 1990, lakini hayakufika sokoni. Shirika lililopewa kazi hiyo baadaye likawa Numerical Machining Complex, hapa hapa Nairobi, na kazi yake ni kuchonga vipuri kwa mashine za CNC. Zamani mashine hizo zilikuwa za serikali na makampuni makubwa. Leo kikundi cha watu kumi kinaweza kuwa na yake ndogo, mradi wakubali kujifunza.

Kosa letu

Stima inayokuja nyumbani ni ya volti 240, na huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Hiyo ndiyo AC. Mota zetu huendeshwa na bodi ndogo ziitwazo draiva, na draiva zinataka DC, yaani stima inayokwenda upande mmoja tu kama ya betri.

Draiva zetu ziliandikwa kwamba mwisho wake ni volti 40. Tukapanda matatu hadi katikati ya jiji, tukatembea hadi Luthuli Avenue, tukanunua transfoma iliyoandikwa volti 30. Tulifikiri hivi: 30 ni chini ya 40, basi tuko salama. Tukaunganisha, tukawasha bila kupima. Draiva mbili zilitoa moshi kabla hata mota haijazunguka. Michango ya miezi mitatu ikaenda hivyo, na mwenzetu mmoja aliyekuwa ametoa pesa za karo ya mtoto alikaa kimya siku nzima. Hakuna wa kumlaumu. Aliyetuuzia alituuzia tulichoomba.

Shida ni hii. Namba iliyoandikwa kwenye transfoma si kilele cha stima. AC hupanda na kushuka kama wimbi, na kilele chake ni kama mara 1.4 ya namba ile. Ukiigeuza DC na kuihifadhi kwenye kapasita, kapasita hujaa hadi kileleni. Kwa hiyo 30 mara 1.4 ni 42. Tuliwapa draiva zaidi ya uwezo wake.

Hesabu kabla ya kununua

Chukueni daftari mwandike.

Kwanza, volti. Sisi sasa tunafuata kanuni hii: DC isizidi robo tatu ya mwisho wa draiva. Robo tatu ya 40 ni 30. Tukachagua transfoma ya volti 20, kwa kuwa 20 mara 1.4 ni 28. Mbona tubakishe nafasi kubwa hivyo? Kwa sababu mbili. Stima ya mtaani hupanda na kushuka, na transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi kidogo ya ilivyoandikwa. Tena mota inaposimama ghafla, hurudisha nguvu kwenye kisanduku na volti huruka juu.

Pili, ampea. Mota zetu tatu ni za ampea 2.5 kila moja, jumla 7.5. Hazivuti zote kwa pamoja wakati wote, kwa hiyo tunachukua theluthi mbili, yaani ampea 5. Lakini transfoma inayojaza kapasita hufanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana, hivyo tunahesabu karibu mara 1.8, ambayo ni ampea 9. Volti 20 mara ampea 9 ni 180. Basi transfoma ya VA 200 inatosha.

Tatu, kapasita. Hii ni kama tangi la maji: stima inakuja kwa mapigo, tangi linaifanya itiririke sawa. Kwa ampea 5, mikrofaradi 20,000 huacha mtikisiko wa kama volti 2.5 tu. Tumetumia kapasita mbili za 10,000, kila moja ya volti 63. Msinunue ya volti 35 kwa kuokoa shilingi chache.

Vifaa vingine

Daraja la daiodi la ampea 25, lifungwe kwenye bamba la alumini kwa sababu hupata joto. Daiodi ni kama vali ya tyubu ya baisikeli: huruhusu kupita upande mmoja tu. Fyuzi ya ampea 2 ya aina ya polepole kwa upande wa volti 240, na fyuzi ndogo kwa kila draiva. Swichi. Rezista ya omu 1,000 ya wati 5. Kisanduku cha chuma. Na mita ya kupimia. Kikundi kisicho na mita kisianze kazi hii.

Kuna watakaotumia transfoma ya UPS iliyokufa. Inawezekana, lakini nyingi zimetengenezwa kufanya kazi dakika chache tu, si siku nzima, kwa hiyo igusweni mara kwa mara mkiwa mmezima, muone joto lake. Transfoma ya jiko la microwave msiiguse kabisa. Ile hutoa maelfu ya volti na imeua mafundi.

Mtu atauliza: je, si visanduku vilivyo tayari vinauzwa mjini? Vinauzwa, na kama pesa iko, nunueni. Lakini hata hivyo pimeni volti zake kabla ya kufunga draiva. Sisi tulijenga kwa sababu chetu kikiharibika tunajua kipuri gani kimekufa, na tunanunua hicho kimoja.

Kuunganisha

1. Waya wa kahawia wa plagi uende kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha transfoma. Waya wa buluu uende upande wa pili wa transfoma.
2. Waya wa kijani na manjano, yaani wa ardhini, ufungwe kwa skrubu kwenye chuma cha kisanduku. Kwarueni rangi kwanza ili chuma kishike chuma. Waya huu ndio unaookoa maisha stima ikivuja.
3. Nyaya mbili za volti 20 ziende kwenye miguu ya AC ya daraja.
4. Mguu wa kujumlisha wa daraja uende kwenye kujumlisha kwa kapasita, na wa kutoa kwenye kutoa. Mkigeuza, kapasita hupasuka kama fataki.
5. Rezista ifungwe kati ya kujumlisha na kutoa, na ibaki hapo daima.

Waya wa nyumba yenyewe na soketi ziachieni fundi aliye na leseni ya EPRA.

Hatari baada ya kuzima

Wengi hufikiri ukizima umemaliza. Sivyo. Kapasita huweka stima hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kijana wetu mmoja alipitisha bisibisi juu ya kapasita iliyozimwa. Cheche ilikula ncha ya bisibisi. Ingekuwa pete, ingekula kidole. Hiyo ndiyo kazi ya rezista: kuimwaga stima polepole. Kwa vipimo vyetu inachukua kama dakika mbili. Ng'oeni plagi, ngojeni dakika mbili, kisha pimeni. Mita ikisoma karibu sifuri, ndipo mguse.

Kujaribu mara ya kwanza

Msifunge draiva bado. Wekeni balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya na si LED, katika njia ya waya wa kahawia. Washeni. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, ni vizuri, kapasita zimejaa. Ikiendelea kuwaka sana, zimeni, kuna mahali nyaya zimegusana. Kisha pimeni DC. Yetu ilisoma kati ya 28 na 30. Pimeni asubuhi, mchana na usiku, muandike kila mara. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkisharidhika, toeni balbu, fungeni draiva. Wala msichomoe waya wa mota stima ikiwa imewaka, kwani hilo nalo huua draiva.

Fanyeni kazi wawili wawili, mkiwa mmevaa viatu, na sakafu iwe kavu. Mwenzenu akishikwa na stima, msimkimbilie kwa mikono. Zimeni swichi kwanza, au msukumeni kwa mti mkavu, kisha mwiteni daktari.

Mashine yetu sasa inachonga. Na yule mwenzetu wa karo ndiye tuliyempa kazi ya kushika mita. Hakuna kinachowashwa kabla yeye hajasoma namba kwa sauti na kuiandika.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Draiva yenu ikiwa na mwisho wa volti 50, mtanunua transfoma ya volti ngapi? Onyesheni hesabu.
2. Ni nani katika kikundi atakayeshika mita na daftari, na nani atakuwa na ruhusa ya kuwasha?
3. Swichi kuu ya karakana yenu iko wapi, na je, kila mwanachama anaweza kuifikia gizani?