Namna ya kuiona alfajiri ya uongo

Chagua usiku kwanza, mahali baadaye. Mwezi ukiwapo angani, hata kipande, usijisumbue. Kwa pwani yetu wakati mzuri ni alfajiri za Septemba na Oktoba, ukitazama mashariki juu ya bahari, kutoka Mafia, Lamu au Pemba upande wa mashariki. Jioni za Februari nazo hufaa, ila utazame magharibi. Za Novemba na Desemba achana nazo: Njia ya Maziwa huangukia palepale, na kuzitenganisha ni kazi.

Bahari ina tatizo lake. Usiku wa giza unaoutaka wewe ndio wanaoutaka wavuvi wa dagaa, na karabai zao zikijipanga kwenye upeo umekwisha. Tafuta ufukwe usio na mashua.

Uwe nje saa 9:45 usiku. Simu izime kabisa, kwani macho huhitaji nusu saa hivi kuzoea giza. Kuanzia saa 10:15 tafuta nuru nyeupe, hafifu, pana chini na nyembamba juu, iliyosimama juu ya mahali jua litakapochomoza. Usiikazie macho, pitisha kichwa taratibu kushoto na kulia, nayo itajitokeza.

Kipimo cha kuihakikisha Waislamu wanacho tangu zamani. Alfajiri ya uongo husimama wima. Ya kweli, inayoingiza sala, hutanda kandokando ya upeo, na kwa miezi hiyo huanza karibu na saa 11.

Unachokiona ni vumbi la kometi na asteroidi, chembe nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, likizunguka jua kwenye bapa lilelile la sayari. Vumbi la barabarani hung'aa zaidi likiwa kati yako na taa za gari. Na hili la angani huusukuma mwanga mbele, ndiyo maana nuru huzidi kadiri unavyokaribia upande wa jua. Karibu na ikweta bapa hilo husimama wima au karibu na wima mwaka mzima. Ulaya husubiri jioni za machipuko na alfajiri za vuli.

Ukishaizoea, jaribu lililo gumu: usiku wa manane wa Oktoba, karibu na utosi, mkabala kabisa na jua, kuna doa la vumbi hilohilo linaloturudishia mwanga. Hapo chukua kamera yenye lenzi pana na kiweko cha miguu mitatu, uiache ipokee mwanga kwa sekunde 20 au 30.