Kisukari Kikiwa cha Ukoo: Mwanamke Aanzie Wapi

Mama ana kisukari, shangazi alikufa nacho, dada mkubwa kaanza vidonge. Mwanamke wa ukoo kama huo mara nyingi hushika njia moja kati ya mbili. Ama hukata tamaa akisema yameshaandikwa, ama huanza kuulizia vipimo vya bei kubwa: cha vinasaba, au kile cha CRP alichokiona kwenye orodha ya maabara. Kabla ya kutoa fedha, fuata hatua hizi. Nyingi hazina gharama, na zinaeleza hatari yako vizuri kuliko vipimo hivyo viwili.

1. Andika historia ya ukoo na ya mimba zako

Anza na wazazi, ndugu wa kuzaliwa nao na watoto. Kwa kila mwenye kisukari, uliza kilianza akiwa na umri gani. Usiishie kwenye jina la ugonjwa, kwani wazee wengi hawakuwahi kupimwa. Uliza pia nani alikatwa mguu, nani alipoteza macho, nani alikuwa na kidonda kisichopona.

Kisha njoo kwako. Je, uliwahi kuambiwa una sukari wakati wa ujauzito? Ulijifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi? Hedhi inaruka miezi huku ndevu zikiota kidevuni? Hiyo yaweza kuwa dalili ya matatizo ya homoni za ovari, yanayoongozana sana na kisukari. Tazama na shingo kwenye kioo. Weusi wa shingoni au makwapani, wenye ngozi nene kama mahameli na usiotoka hata ukisugua kwa dodoki, mara nyingi ni alama kwamba insulini yako haifanyi kazi ipasavyo.

Kati ya haya yote, kisukari cha mimba ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mtoto akizaliwa sukari hushuka, mama akaambiwa kapona. Lakini hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye huwa mara saba au zaidi ya ile ya mama ambaye hakukipata. Andika jambo hilo kwa herufi kubwa.

2. Pima kiuno kwa uzi

Simama wima bila viatu, mtu akupime kwa uzi kuanzia utosini hadi kisiginoni. Kata uzi hapo, ukunje katikati uwe nusu, kisha uzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Pumua nje kwa kawaida, usivute tumbo ndani, usiupitishe juu ya kanga. Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako. Zisipokutana, umebeba mafuta ya tumboni kuliko inavyofaa, hata kama mizani haijakushtua. Kwa futi kamba, sentimita 80 ndipo mwanamke anapoanza kuwa macho, na 88 ni hatari kubwa.

Mafuta ya tumboni hayakai kimya. Hutoa kemikali, ikiwamo ile iitwayo IL-6, zinazoifanya kinga ya mwili ikae katika hali ya mapambano wakati hakuna adui. Huu ndio uvimbe wa ndani kwa ndani: hauonekani, hauumi, haukuletei homa. Ini likipokea ujumbe huo hutengeneza protini ya CRP, na misuli nayo huanza kuikaidi insulini. Kongosho hulazimika kuzalisha insulini zaidi mwaka hadi mwaka, na siku linaposhindwa kumudu, sukari hupanda.

3. Ijue CRP kwa kipimo chake

Mwaka 2001, watafiti wa Marekani waliokuwa wakifuatilia wanawake wa Women's Health Study walichukua 188 waliopata kisukari ndani ya miaka minne, wakawalinganisha na 362 ambao hawakukipata. Katika damu iliyohifadhiwa tangu mwanzo, wanawake wenye CRP ya juu kabisa walikuwa na hatari karibu mara 16 ya wenye CRP ya chini kabisa. Lakini hesabu ilipozingatia unene na mambo mengine, mara 16 zikashuka hadi nne hivi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ile CRP ilikuwa ikisimulia habari za unene, na habari hizo uzi wako umeshakupa.

Vinasaba vikaongeza ushahidi. Wapo watu waliozaliwa na kibadiliko cha jeni kinachoifanya CRP yao iwe juu maisha yote. Kama CRP yenyewe ndiyo inayoleta kisukari, hao wangeugua zaidi ya wenzao. Uchunguzi mkubwa haukukuta hivyo. CRP ni shahidi wa tukio, si mtuhumiwa. Kumnyamazisha shahidi hakumalizi kesi. Kwa hiyo usinunue dawa ya kushusha CRP ukidhani umejikinga na kisukari.

Ukishapimwa, kumbuka kwamba malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, jino bovu, ujauzito na hata vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha. Ikizidi miligramu 10 kwa lita, kwanza tafuteni maambukizi.

4. Usilipie kipimo cha vinasaba. Taja vile vinavyopotosha majibu

Jeni lenye nguvu kuliko mengi katika kisukari cha aina ya pili, TCF7L2, lilitambuliwa Iceland mwaka 2006. Mwaka 2019, utafiti wa Waafrika kutoka Nigeria, Ghana na Kenya ukaibua jingine, ZRANB3. Yanayojulikana sasa ni mamia, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Isitoshe, hesabu nyingi za hatari za kijenetiki zimejengwa juu ya damu ya Wazungu, hivyo hubashiri vibaya zaidi kwa Mwafrika. Bei ya kipimo hicho haikununulii jibu linalobadili unachopaswa kufanya.

Lakini kuna vinasaba ambavyo daktari lazima avijue. Kipimo cha HbA1c husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili hadi mitatu. Kibadiliko cha jeni la G6PD kinachopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika hufupisha maisha ya chembe hizo, na selimundu nayo huvuruga majibu. Chembe ikifa mapema haipati muda wa kukusanya sukari, namba ikatoka ndogo kuliko hali halisi, ukaambiwa u mzima. Upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma huweza kuipandisha. Kama kuna selimundu au upungufu wa G6PD nyumbani kwenu, au hedhi yako ni nzito, sema kabla ya kutolewa damu, na uombe sukari yenyewe ipimwe.

5. Omba kipimo kinachofaa, siku inayofaa

Kwa sukari ya asubuhi, usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa 8. Chai bila sukari nayo iache. Chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni salama kwa vigezo vya WHO, 6.1 hadi 6.9 ni ukingoni, 7.0 na kuendelea ni kisukari. Kwa HbA1c, kisukari huanzia asilimia 6.5. Kama huna dalili yoyote, jibu baya moja halitoshi: kipimo kirudiwe siku nyingine.

Mjamzito mwenye hatari apimwe mapema, kisha wiki ya 24 hadi 28 anywe glukosi na kupimwa. Aliyekutwa na kisukari cha mimba arudi wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua anywe tena glukosi, gramu 75, apimwe baada ya saa mbili. Unganisha safari hiyo na kliniki ya chanjo ya mtoto, usije ukaisahau. Baada ya hapo, kila mwaka mmoja hadi mitatu.

6. Fanya kilichothibitishwa

Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni, theluthi mbili wakiwa wanawake. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, kwa asilimia 31. Hata waliorithi nakala mbili za TCF7L2 yenye madhara walifaidika: waliobadili maisha, hatari iliyotokana na jeni hilo karibu ifutike.

Kwa mwanamke wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Anzia kwenye kikombe. Soda moja ya mililita 300 ina vijiko saba au vinane vya sukari, na chai ya vijiko vitatu mara tatu kwa siku huipita. Kisha panga sahani: nusu iwe mchicha, sukuma wiki au kisamvu, robo maharage, dagaa au samaki, robo ugali au wali. Tembea haraka nusu saa, siku tano za wiki. Dakika kumi baada ya chakula cha usiku zinahesabika. Kama una mtoto mchanga, nyonyesha, kwani wanaonyonyesha kwa muda mrefu huonekana kupata kisukari kidogo kuliko wasionyonyesha.

Usisubiri miadi ukiona kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kukonda bila sababu au fangasi za ukeni zinazojirudia. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

Ukienda kliniki, beba karatasi yenye mistari minne: nani katika ukoo ana kisukari na tangu umri gani, mimba zako zilikuwaje, uzi ulikutana au la, na kama kuna selimundu au G6PD. Mpe mhudumu kabla hajaandika kipimo chochote.