Mtoto wa Kuasili si Mgeni Nyumbani

Kila mwaka Desemba inapokaribia, wana wa Kilimanjaro waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na ng'ambo hushika njia ya kurudi kwao. Hupanda kwenda Rombo, Marangu, Kilema, Uru, Kibosho na Machame, na kila mmoja ajua kihamba chao ni kipi, na isale ya mpakani imepandwa wapi. Mwenye kihamba ana mahali pa kurudi akiwa hai, na mahali pa kulazwa akifa. Lakini wapo watoto wasio na mahali hapo, kwa kuwa wamefiwa au wameachwa. Na miongoni mwao wenye ulemavu mara nyingi ndio wanaongoja kwa muda mrefu zaidi. Juu ya watoto hao, na juu ya jamaa za Kikristo zinazowapokea, ziwe za hapa nchini ama za ng'ambo, twataka kusema leo.

Yafaa kwanza tufahamu maana ya kuasili. Kulea mtoto wa ndugu si jambo jipya kwetu. Ni nyumba chache mlimani ambazo hazijapata kumlea mtoto wa dada au mjukuu aliyefiwa. Kuasili ni zaidi ya kulea. Ni tendo la kisheria ambalo kwalo mtoto hupewa wazazi wapya kwa siku zote. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, yasema kwamba mahakama ikiisha kutoa amri, haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma, na mtoto huhesabiwa kana kwamba amezaliwa katika ndoa ya hao waliomwasili. Wakifa bila kuacha wosia, yeye hurithi sawa na mtoto wa kuzaliwa.

Kanisa nalo lafundisha vivyo hivyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 110, zamhesabu mtoto aliyeasiliwa kwa sheria za nchi kuwa mtoto wa wale waliomwasili. Kanuni ya 877 yaagiza majina yao yaandikwe katika kitabu cha Ubatizo. Tena kanuni ya 1094 yazuia ndoa kati ya mtoto huyo na wazazi wake wa kuasili, au na ndugu aliowapata kwa njia hiyo. Kama undugu huo ungekuwa maneno matupu, Kanisa lisingaliuwekea kizuizi cha ndoa.

Wala tusishangae, kwa maana Bwana wetu mwenyewe alihesabiwa katika ukoo wa Daudi kwa njia ya Yosefu, ambaye hakumzaa. Malaika alimwagiza Yosefu ampe mtoto jina, na kwa kumpa jina akawa baba yake mbele ya sheria na mbele ya watu. Mtume Paulo naye, alipotaka kuwaeleza Wakristo wamekuwa nani kwa Ubatizo, alitumia neno hilo hilo: tumefanywa wana, na kwa hiyo tu warithi. Basi Mkristo anayemdharau mtoto wa kuasili amesahau jinsi yeye mwenyewe alivyoingia katika nyumba ya Mungu.

Lakini je, ikiwa mtoto huyo hawezi kutembea, au hawezi kusema, au akili yake haikui kama ya wenzake? Twaomba kila jamaa isome Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9. Mefiboshethi, mjukuu wa mfalme Sauli, alikuwa kilema wa miguu yote miwili, kwa kuwa yaya wake alimwangusha akiwa na miaka 5 walipokuwa wakikimbia vita. Alikuwa akikaa kwa watu mbali, na alipoitwa mbele ya Daudi alijiona kuwa si kitu. Daudi hakumpa sadaka na kumrudisha alikotoka. Alimpa mambo mawili: mahali pa kudumu mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme, na mashamba yote ya babu yake. Na kwa kuwa Mefiboshethi hakuweza kulima, Daudi alimwagiza mtumishi Siba na wanawe wamlimie.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Mtu aweza kumpa mtoto chakula, nguo na hata matibabu, akamwacha angali mgeni. Mtoto huacha kuwa mgeni siku anapopewa jina, na mahali mezani, na sehemu katika urithi. Mlimani kwetu jambo la tatu ndilo gumu. Kihamba kwa desturi kimepita kwa wana wa kiume wa damu, na ardhi imekwisha kugawanywa hata imekuwa vipande vidogo. Wajomba na baba wadogo watauliza: mtoto huyu wa watu, tena asiyeweza kushika jembe, atapewaje migomba ya babu? Swali hilo lisifichwe chini ya mkeka. Wazazi walijibu mapema, wakiwa hai, mbele ya wazee wa ukoo, na kwa wosia ulioandikwa na kushuhudiwa. Wamteue pia mtu mwaminifu atakayemsimamia mtoto. Hapo tukumbuke kwamba Siba yule yule baadaye alimsingizia Mefiboshethi ili ajipatie mashamba yake. Kwa hiyo msimamizi asiwe mtu mmoja peke yake asiyekaguliwa na yeyote.

Kuna hofu nyingine inayofunga milango, nayo ni ile ya laana. Wapo hata wabatizwa wanaonong'ona kwamba mtoto mwenye ulemavu ameletwa na dhambi ya wazazi, au na mizimu isiyoridhika. Mitume nao waliuliza jambo kama hilo juu ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana akakana kwamba yeye au wazazi wake walikuwa wametenda dhambi iliyoleta upofu ule. Sayansi nayo yatusaidia. Mtindio wa ubongo waweza kutokea mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au akipatwa na homa kali ya manjano ya watoto wachanga, au malaria ya ubongo, au uti wa mgongo. Mwaka 1959 daktari Mkatoliki wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba watoto wenye hali iitwayo Down wana kromosomu moja ya ziada. Hakuna laana hapo, wala hakuna wa kutupiwa lawama. Aliyepo ni mtoto anayehitaji mikono ya watu.

Sasa tuiangalie njia yenyewe. Mume na mke wanaotaka kuasili waanze kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya yao, wala wasianze kwa mtu anayejifanya wakala. Ofisa atachunguza nyumba, mapato, afya na mwenendo wao. Mwombaji asiye ndugu wa mtoto hutakiwa awe ametimiza miaka 25, na awe amemzidi mtoto umri kwa miaka 21 au zaidi. Mtoto hukaa nao kwanza kwa muda wa malezi chini ya uangalizi, ndipo maombi yapelekwe mahakamani. Hakuna malipo ya kumpata mtoto. Anayedai au kutoa fedha kwa ajili hiyo anafanya biashara ya mwanadamu.

Kwa mgeni njia ni ndefu zaidi. Sheria ya mwaka 2009 ilitaka awe amekaa nchini miaka 3 mfululizo, asiwe na hatia ya jinai, na nchi yake iwe tayari kuitambua amri ya mahakama yetu. Wengine huona masharti hayo kuwa mazito. Sisi twaona yana maana. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 uliweka utaratibu wa haki: mtoto kwanza asaidiwe kubaki na wazazi wake, ikishindikana, atafutiwe jamaa katika nchi yake, na hapo tu ndipo afikiriwe kwenda ng'ambo. Pale utaratibu huo ulipopuuzwa, maovu yaliingia. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha uasili wa watoto kwenda nje, na mwaka 2018 Ethiopia iliupiga marufuku. Umaskini peke yake si sababu ya mama kunyang'anywa mtoto. Mama wa Rombo mwenye mtoto asiyetembea, akipata kiti cha magurudumu, mazoezi ya viungo na jirani wa kumpokea mzigo siku moja kwa juma, pengine hatahitaji kumwacha kamwe.

Lakini yule ambaye kweli hana mtu, naye kila nyumba ya hapa imempita kwa sababu ya ulemavu wake, akitokea mume na mke Wakristo wa ng'ambo waliokaa nasi, wakajifunza lugha yetu, wakampenda pamoja na mgongo wake au kifafa chake, je, tuwazuie? Hasha. Tuwashukuru na kuwaombea. Ila furaha yetu isitufumbe macho. Mtoto huyo amevuka bahari kwa sababu hakupata mlango jirani. Wema wao ni sifa kwao, na ni swali kwetu sisi.

Jirani zetu wa Tengeru, chini ya Mlima Meru, wanalo kaburi la kutukumbusha. Kuanzia mwaka 1942 walifika hapo wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda Urusi ya Kisovieti. Baadhi yao wamezikwa pale pale. Mwaka 1949 Padre Lucjan Królikowski, Mfransisko, aliwaongoza yatima wapatao 150 kutoka Tengeru mpaka Kanada, ambako Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal alikubali kuwapokea. Siku zile nchi nyingi zilizochukua wakimbizi kutoka makambini zilichagua vijana wenye nguvu za kazi, na wazee, wagonjwa na walemavu wakaachwa nyuma. Atafutaye mwenye nguvu tu anatafuta kibarua. Mzazi hachagui mtoto kama achaguavyo mbuzi mnadani.

Na Kanisa la nchi hii lilianza kwa kulea watoto wa wengine. Tangu mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliwakusanya Bagamoyo watoto waliokombolewa utumwani, wasiojua hata kwao ni wapi. Na ni shirika hilo hilo lililoileta Injili Kilema na Kibosho. Kazi tuliyotendewa hatuna budi kuitenda.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, jumuiya ndogo ndogo zisiwaache peke yao wanaolea. Mtoto mwenye ulemavu ahitaji safari nyingi za hospitali, na kutoka Rombo hadi KCMC pale Moshi si mwendo mfupi. Nauli na mtu wa kusindikiza ni msaada ulio bora kuliko pongezi. Pili, mapadre na makatekista wasimnyime mtoto huyo Ubatizo wala mafundisho kwa kuwa hasemi au hatulii kanisani. Tatu, waume na wake waliokaa bila mtoto, badala ya kuhangaika kwa waganga na kulaumiana, walifikirie jambo hili pamoja, kwa sala na bila kulazimishana. Maana si kila nyumba imeitwa, na anayepokea kwa kulazimishwa hatadumu. Nne, ukoo ukubali kukaa na kuzungumza juu ya urithi kabla ya msiba.

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Kazi hii ni nzito. Kuna usiku wa kukesha, kuna fedha zinazokwisha, kuna maneno ya majirani, na kuna mtoto ambaye pengine hatatamka kamwe neno la asante. Papa Fransisko, katika barua yake juu ya Mtakatifu Yosefu ya mwaka 2020, alikumbusha kwamba mtu hazaliwi akiwa baba, bali huwa baba kwa kumtunza mwingine. Mtakatifu Yosefu awaombee wote waliofungua milango yao, na atupe sisi wengine moyo wa kuuliza wiki hii, katika kigango chetu wenyewe, ni mtoto gani asiye na mahali mezani.