Jua Haki Zako: Dereva wa Lori na Mwajiri Mpya

Dereva wa lori aliyekwisha kuizoea barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, akavuka Nakonde, Zambia, na kufika Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo mara zisizohesabika, haulizi kwanza mshahara ni kiasi gani. Huuliza mshahara huo umegawanywaje, gari lina hali gani, na likikwama njiani hasara ni ya nani. Maswali hayo yamefundishwa na barabara, lakini majibu yake yamo katika sheria. Kwa Tanzania Bara, sheria kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayojulikana pia kama Sura ya 366. Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Kuondoka kwa utaratibu

Haki za kazi mpya huanzia kwenye namna ya kuiacha kazi ya zamani. Dereva anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira hutoa siku 7. Anayetelekeza gari yadi na kuondoka bila notisi humpa mwajiri nafasi ya kukata malipo ya siku hizo kutoka katika stahiki zake.

Anayeaga kwa utaratibu anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya siku za likizo alizokwisha kuzistahili bila kuzichukua, na cheti cha utumishi. Cheti hicho si hisani ya bosi. Sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, na kwa dereva ndicho kinachothibitisha miaka yake ya barabarani mbele ya mwajiri anayefuata.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi: dereva mwenye uzoefu wa miaka 20 akihamia kampuni nyingine, kisheria ni mgeni. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali huanza baada ya miezi 6 kwa mwajiri huyo mpya, na haki ya kiinua mgongo huanza baada ya miezi 12 mfululizo. Kipindi cha majaribio nacho huruhusiwa hadi miezi 12. Anayehama kila baada ya miezi mitano kwa kufuata posho iliyoongezeka kidogo hubaki bila ulinzi huo mwaka hadi mwaka.

Mkataba

Mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai makuu ya madereva wa mabasi na malori waliogoma nchini Aprili na Mei 2015. Sheria ilikuwa tayari imeshasema. Mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi, kazi inapoanza, maelezo ya maandishi yanayoonyesha mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu mengine. Mkataba ukiwa katika lugha ambayo dereva haielewi vizuri, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha ameelezwa kwa namna anayoielewa. Masharti yakibadilika baadaye, mabadiliko hayo yafanywe kwa mashauriano na kuwekwa kwenye maandishi.

Asiye na mkataba mkononi hajapoteza haki zake. Mgogoro ukifikishwa kwenye vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi, ni yeye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa. Hata hivyo, mali bila daftari hupotea bila habari. Dereva makini hudai nakala iliyosainiwa na pande zote mbili, huitunza nyumbani badala ya kuiacha kwenye kabini, na hasaini karatasi tupu.

Mshahara wa msingi na posho ya safari

Hapa ndipo ofa mbili zinazofanana kwa jumla hutofautiana kwa mbali. Sheria inatambua mshahara wa msingi kuwa malipo ya kazi iliyofanywa katika saa za kawaida. Posho, malipo ya saa za ziada na nyongeza ya kazi ya usiku havimo. Na karibu kila haki ya fedha hukokotolewa kutoka kwenye msingi huo: saa za ziada, kazi ya usiku, siku ya mapumziko, sikukuu, notisi na kiinua mgongo.

Mfano wa madereva wawili unaonyesha tofauti hiyo. Wote hupata jumla ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Wa kwanza ana msingi wa shilingi 400,000 na posho ya shilingi 600,000. Wa pili ana msingi wa shilingi 800,000 na posho ya shilingi 200,000. Kila mmoja amefanya kazi miaka 6, siku 6 kwa wiki, kisha mwajiri akasitisha ajira kwa sababu isiyo ya utovu wa nidhamu. Kiinua mgongo cha chini kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10. Kwa mwezi wenye wastani wa siku 26 za kazi, wa kwanza anapata takriban shilingi 646,000. Wa pili anapata takriban shilingi 1,292,000.

Posho ya safari ina hatari nyingine: hufuata magurudumu. Gari likilala gereji wiki tatu au mzigo ukikosekana bandarini, posho haipo, na msingi ndio unaolisha nyumba. Kwa hiyo dereva mzoefu hutaka mkataba ueleze posho ya kila njia, inalipwa lini, inafidia nini (chakula, malazi, maegesho, ada za njiani), na nini hulipwa kwa siku za kusubiri kwenye foleni ya mpakani. Msingi wenyewe hauwezi kushuka chini ya kima kilichowekwa kwa sekta husika katika Amri ya Mshahara inayotumika, na kila malipo yaambatane na hati inayoonyesha mchanganuo wake.

Saa za kazi na mapumziko

Saa za kawaida hazipaswi kuzidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Hata kukiwa na makubaliano, siku ya kazi haipaswi kuzidi saa 12. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya msingi kwa kila saa. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 ana haki ya kupumzika dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine anapaswa kupata saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24. Kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili.

Viwango hivyo vinamlinda dereva dhidi ya ratiba isiyotekelezeka. Mwajiri anayetaka mzigo utoke bandarini jioni na kufika Tunduma kesho yake mchana kwa dereva mmoja anamtaka avunje saa za mapumziko na pengine mwendo unaoruhusiwa. Ajali ikitokea, anayesimama kwanza mbele ya trafiki ni aliyekuwa nyuma ya usukani. Swali la kuuliza mapema ni siku ngapi hutolewa kwa kila safari, na nani anaweza kuzibadilisha kwa simu gari likiwa njiani.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, ikihesabu na siku za mapumziko zilizomo, na hulipwa.

Makato: mafuta, tairi na mzigo uliopungua

Ugomvi mwingi wa yadi huanzia kwenye lita za mafuta. Sheria haimruhusu mwajiri kukata tu kwa kuwa kipimo hakikulingana. Kufidia hasara kutoka kwenye mshahara kunahitaji kwanza makubaliano ya maandishi. Kisha masharti haya yatimie yote:

- hasara itokee katika kazi na isababishwe na kosa la mfanyakazi;
- mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake;
- mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kuipinga;
- makato yasizidi hasara halisi;
- makato hayo yasizidi robo ya malipo yake ya fedha.

Tairi lililopasuka kwa uchakavu si kosa la dereva. Mzigo uliopungua huku lakiri ikiwa salama unahitaji maelezo kutoka kwa aliyepakia. Ndiyo maana dereva mzoefu huandika kilomita na lita anapokabidhiwa gari, hupiga picha za matairi na lakiri, hutunza stakabadhi, na huhakikisha hati ya makabidhiano ina saini ya pande zote.

Gari lenyewe na mizani

Sheria ya Usalama Barabarani inakataza kutumia gari bovu barabarani, na katazo hilo humfikia dereva sawa na mmiliki. Kukagua breki, matairi, taa na maungio ya kichwa na tela kabla ya kusaini ajira ni sehemu ya kujilinda. Kampuni isiyoruhusu ukaguzi huo imekwisha kujieleza. Ubovu unaogunduliwa baadaye uripotiwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu wenye tarehe, kwa kuwa mwajiri naye ana wajibu wa kisheria wa kutoa vifaa salama vya kazi.

Uzito unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Gari na mzigo wake kwa jumla havizidi tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Mkataba useme wazi nani anawajibika kwa tozo ya mizani pale ambapo kupakia hakukuwa mikononi mwa dereva.

Ajali, ugonjwa na uzee

Michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na nusu yake kwa kawaida hutoka kwa mwajiri. Kukatwa kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba mchango umefika; taarifa ya mwanachama kutoka NSSF ndiyo uthibitisho. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake, na ni marufuku kumkata dereva kwa ajili hiyo. Ajali ya kazini iripotiwe kwa mwajiri mara moja ili naye aufikishie mfuko taarifa. Kwa safari za nje, mkataba ueleze nani atagharamia matibabu na kumrudisha nyumbani mgonjwa au marehemu.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi kuna cheti cha daktari.

Mambo yakiharibika

Dereva ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kumwachisha kazi kwa sababu hiyo ni kinyume cha sheria. Mgogoro usiomalizika yadi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Na. 1. Huduma yake hailipiwi. Malalamiko ya kuachishwa kazi yafikishwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwamo ya makato na mishahara, ndani ya siku 60. Anayechelewa lazima aombe kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi, na safari ndefu peke yake isitegemewe kuwa sababu itakayokubaliwa. Siku huanza kuhesabiwa hata kama lori bado liko Kolwezi, Kongo.